Kikapu Kimerudi Sokoni, Lakini Ndani Yake Mna Nini?

Ukisimama mlangoni mwa Marikiti hapa Mombasa asubuhi ya Jumamosi, ukaitazama mikono ya watu badala ya nyuso zao, utaona jambo ambalo miaka kumi na mitano iliyopita lilikuwa karibu limekwisha kabisa. Watu waingia na vikapu. Si wote, wala si vikapu vya namna moja. Huyu ana cha miyaa chenye michirizi myekundu na ya samawati, yule ana mfuko wa gunia, mwingine ana ule mfuko wa kitambaa chepesi wenye picha ya duka kubwa. Lakini mtu wa kuingia sokoni mikono mitupu, akitaraji kupewa mfuko kwa kila fungu la nyanya, huyo amepungua.

Mimi ni mwenda sokoni wa miaka mingi. Kwetu Pwani kazi hiyo tangu zamani ni ya mwanamume, na sioni haya kuisema. Baba alitoka baada ya sala ya alfajiri na kikapu mkononi, akarudi jua halijapanda, na mama akakipokea mlangoni. Kikapu kilipopokewa kilisomwa kama barua. Kwanza samaki alikaguliwa mashavu, kisha nazi zikatikiswa sikioni, kisha yakaanza maswali. Bilingani hizi nani kakupa? Na ndimu ziko wapi? Mtoto aliyelelewa katika nyumba hizo alijua ununuzi ni elimu, na kwamba elimu hiyo ina mtihani kila siku.

Nataka leo tuzungumze juu ya elimu hiyo, kwa sababu siku hizi imeongezewa somo jipya. Twaulizwa tununue kwa namna isiyoharibu bahari, ardhi na hewa. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni maneno ya wageni wa mahotelini. Mimi nadhani kinyume chake, nami nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kikapu chenyewe. Miyaa ni majani ya mkoma, ule mti wa jamii ya mitende unaoota wenyewe katika nyika zetu. Majani huchumwa machanga, yakaanikwa hadi yakawa meupe, yakachanwa kwa ukucha au kisu, na mengine yakachemshwa na rangi. Hapo ndipo husukwa ukili, utepe mrefu ambao mwanamke aweza kuusuka huku anazungumza, anabembeleza mtoto, au anangoja chungu kitokote. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha hushonwa kwa kuzungushwa, pindi juu ya pindi, mpaka kikapu kikasimama. Mkeka, jamvi, kanda, kawa na kipeto ni ndugu wa tumbo moja. Kikapu kizuri cha namna hii hukaa miaka, na kikichakaa chini hutiwa kiraka cha ukili mpya.

Lakini tusiwafanye wazee wetu kuwa malaika. Wao pia walikuwa na mfuko wa kutumia mara moja na kutupa. Ulikuwa ukiitwa pakacha. Mkulima alikata kuti la mnazi, akalisuka pale pale shambani kwa muda wa kuvuta sigara moja, akajaza maembe, akaja nalo mjini. Maembe yakiuzwa, pakacha lilitupwa jalalani bila majuto. Samaki wadogo walitungwa mashavuni kwa chane la ukindu, mtu akaenda zake na mtungo wake mkononi, na chane likatupwa. Nyama ilifungwa jani la mgomba. Tofauti haikuwa katika tabia ya kutupa. Tofauti ilikuwa kwamba pakacha lililotupwa lililiwa na mbuzi au mchwa, na baada ya masika mbili halikuonekana tena.

Mbuzi wetu hawakupewa habari kwamba mambo yamebadilika. Mfuko wa plastiki wenye vishikio, huu tulioujua sote, uliundwa na mhandisi wa Sweden aitwaye Sten Gustaf Thulin, na kampuni ya Celloplast ikapata hataza yake mwaka 1965. Ulikuwa mwepesi, wenye nguvu, usiopitisha maji, na bei yake karibu na bure. Kwa mtu anayebeba samaki anayevuja, ilikuwa neema. Ukaenea dunia nzima, na kwetu ukafika mpaka kwa muuza pilipili wa kando ya njia, aliyekufungia pilipili tano kwa mfuko, kisha mfuko huo akautia ndani ya mfuko mwingine. Mbuzi wa mitaani wakaula. Machinjioni wakaanza kuyatoa mafundo ya plastiki matumboni mwa wanyama. Kasa baharini, ambaye chakula chake kimojawapo ni yavuyavu, akauona mfuko uelea akadhani ni riziki. Mitaro ikaziba, na mvua ya masika ikaingia majumbani mwa watu kama mgeni asiyebisha hodi.

Ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia, wakaipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006. Rwanda ikafuata mwaka 2008. Sisi Kenya tulijaribu tukashindwa zaidi ya mara moja, mpaka tangazo la Februari 2017 lilipotoka katika gazeti la serikali na kuanza kazi tarehe 28 Agosti mwaka huo. Adhabu zilizotajwa ziliwashtua watu: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Tanzania bara nayo ikafanya vivyo hivyo tarehe 1 Juni 2019. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji na vikombe vya kutupa, haziruhusiwi kuingizwa katika mbuga na sehemu nyingine zilizohifadhiwa nchini Kenya, zikiwamo hifadhi za baharini.

Sitasema kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Ile mifuko myembamba myeupe nimeiona ikirudi kwa mlango wa nyuma, hasa kwa wauza mboga wa jioni, ikitolewa chini ya meza kama bidhaa ya magendo, na kwa kweli ndiyo magendo. Hata hivyo aliyekaa Mombasa kabla ya mwaka 2017 na akakaa baada yake hawezi kukana kwamba miti ya kando ya barabara haizai tena mifuko kama ilivyokuwa ikizaa.

Hapa yafaa nitie neno kuhusu mifuko iliyochukua nafasi. Katika nyumba nyingi sasa utakuta nyuma ya mlango wa jikoni kuna msumari, na juu ya msumari mifuko ya kitambaa ishirini au thelathini, kwa sababu kila anayesahau mfuko nyumbani hununua mwingine. Idara ya kulinda mazingira ya Denmark ilichapisha mwaka 2018 uchunguzi uliolinganisha mifuko ya namna mbalimbali. Ilionekana kwamba mfuko wa pamba ya kawaida wahitaji kutumiwa mara 52 ndipo ulingane na mfuko mmoja wa plastiki kwa upande wa kuongeza joto la dunia, na ukihesabu madhara yote mengine ya kulima na kusindika pamba, mara 7,100. Uchunguzi huo haukuhesabu mfuko uliotupwa baharini, na kwetu sisi wa Pwani hilo ndilo jambo kubwa. Lakini somo lake li wazi: mfuko bora ni ule ulio nao tayari. Mwenye mifuko thelathini msumarini hana haja ya kikapu kipya, hata kiwe kizuri namna gani. Mimi kikapu changu nilikinunua kwa bei ya kilo mbili za mchele, na huu ni mwaka wa sita kinanitumikia.

Haya, sasa tuutazame mzigo uliomo. Sheria ya 2017 ilikataza mfuko wa kubebea. Haikukataza pakiti ambayo bidhaa imetiwa kiwandani. Basi mtu aweza kuingia nyumbani na kikapu kizuri cha miyaa, akakimimina mezani, na juu ya meza pakawa na sukari katika plastiki, mkate katika plastiki, unga wa ngano, chumvi, maziwa, majani ya chai, dengu, mafuta, na tui la nazi la unga, yote plastiki. Kikapu kimekuwa kanzu tu iliyovaliwa juu ya suruali ile ile.

Wazee walinunua kwa kibaba. Vijana wa leo walijua neno hilo katika methali tu, kwamba haba na haba hukijaza, nao hawajapata kukiona. Kibaba kilikuwa kipimo cha chombo, si cha mizani. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vikafanya pishi. Mwenye duka alikuwa na magunia yamefunguliwa midomo, mchele, kunde, choroko, mahindi, na juu ya kila gunia kipimo chake. Mnunuzi alikuja na chombo chake. Mafuta ya nazi ulikuja na chupa. Samli ulikuja na kopo. Mtoto aliyetumwa dukani bila chombo alirudishwa nyumbani, na njiani alisomewa.

Mtindo huo haukufa. Nenda maduka ya mitaani Kisauni, Likoni au Changamwe, utaona mafuta ya kupima yauzwa mpaka leo. Mtu aja na chupa yake, au na kikombe, atiliwa ya shilingi ishirini. Maharagwe yapimwa kwa kikombe. Ndiyo kusema, wale wanaonunua kwa njia isiyoacha taka nyingi mjini mwetu ni watu wa kipato cha chini, na hakuna aliyewapa cheti wala kuwapiga picha. Sisi wenye uwezo zaidi ndio tulioingia dukani na mikokoteni tukatoka na milima ya pakiti.

Nilipomuuliza kijana mmoja mwenye duka mtaani kwetu kwa nini hauzi mchele wa kupima siku hizi, alicheka.

"Ami, wateja hawaniamini," akaniambia. "Pakiti imeandikwa kilo mbili, hana la kusema. Nikimpimia mimi, atasema nimempunja."

"Na wewe huwapunji?"

"Mimi siwapunji. Lakini aliyekuwa hapa kabla yangu akiwapunja, na mimi nimerithi duka pamoja na sifa."

Jawabu hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu laonyesha kwamba jambo hili si la plastiki peke yake. Pakiti ilishinda kibaba si kwa kuwa ni safi tu, bali kwa kuwa kibaba kilikuwa kimepoteza amana. Kidole gumba cha muuzaji kilikuwa kikiingia ndani ya kipimo pamoja na mchele. Kipimo kingine kilikuwa na kitako kilichobonyezwa kwa nyundo. Na hali dini yetu haikulifanya hilo kuwa dogo: katika Kurani mna sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la hao wanaopunja wapimapo na kuanza kwa kuwaonya. Tukitaka vyakula vya kupima virudi, na vyaweza kurudi, yatakiwa kwanza mizani iliyokaguliwa, iwekwe mbele ya macho ya mnunuzi, na gunia lifunikwe lisiingiwe na vumbi wala panya. Duka moja ninalolijua limefanya hivyo kwa dengu, choroko na viungo, na foleni yake Alhamisi jioni, watu wakijiandaa kwa pilau ya Ijumaa, yafika barabarani. Bei yake ni nafuu kidogo kuliko ya pakiti, kwa sababu hulipii karatasi yenye picha.

Kuhusu kufungiwa kwa magazeti, mimi ni mtu wa gazeti na sitaki kuonekana mchoyo. Najua ukurasa huu huenda kesho ukafungia karanga, na hiyo ni heshima. Ila bajia zinazotoka mafutani zikiwa moto zisifungwe kwa karatasi yenye maandishi. Wino si kitoweo.

Sasa tuje kwa samaki, kwa sababu hapo ndipo penye mambo.

Juzi nilikuwa ufukweni asubuhi, maji yamejaa, mashua zaingia. Akina mama karanga walikuwa wamekwisha kukaa na ndoo zao. Msomaji wa bara huenda asiwajue: hawa ni wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga, wakawauza mitaani, na bila wao mtu maskini wa Pwani hali samaki. Mmoja wao, mtu mzima niliyezoeana naye, alikuwa amemwaga mbele yake fungu la samaki wadogo wa kila aina: tafi, changu, pono, hata vibua, wote wa urefu wa kidole.

Nikamwambia, "Mama, hawa wametoka kwa juya."

Akanitazama. "Wametoka baharini, mwanangu."

Tukacheka wote wawili, lakini kila mmoja alijua mwenzake amesema kweli. Juya ni wavu mrefu wa matundu madogo unaozungushwa karibu na ufuko na kukokotwa mpaka nchi kavu, ukikusanya kila kilichomo, wakubwa kwa watoto, na kung'oa majani ya baharini ambamo samaki wachanga hulelewa. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001. Bado latumika sehemu nyingi, kwa sababu halihitaji chombo kikubwa wala ujuzi mwingi, na kijana asiye na kazi aweza kushika kamba akakokota akapata riziki ya siku.

Mnunuzi aweza kulitambua fungu la juya bila kuwa mtaalamu. Likiwa na samaki wa jamii nyingi mbalimbali, wote wachanga, hilo ni la juya. Wavu wa matundu makubwa, mshipi na dema iliyosukwa vizuri huwaacha watoto wapite. Tafi, kwa mfano, huanza kuzaa akikaribia urefu wa shubiri moja ya mtu mzima. Basi shubiri yako ndiyo mizani yako. Ukimweka tafi kiganjani akaenea nafasi ikabaki, huyo hajapata kuacha kizazi. Lakini tusichanganye mambo: dagaa na uduvi ni wadogo kwa maumbile, na mwenye kuwanunua hajala mtoto wa mtu.

Pono ana habari yake peke yake. Kwa mdomo wake mfano wa kasuku huparura miamba ya matumbawe, akala mwani ulioyafunika, akasaga na jiwe lenyewe, kisha akalitoa nyuma likiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaojivunia kwa watalii imepita tumboni mwa samaki huyu. Pakikosekana pono na wenzake wala-mwani, mwani huyasonga matumbawe, na matumbawe yakifa hakuna nyumba ya samaki wengine. Mimi pono nampenda kwa nazi, sitaficha. Siku hizi nikimkuta mdogo namwacha, na nikitaka samaki wa sherehe natafuta nguru au jodari wa bahari kuu wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na wavuvi wakaweza kwenda mbali.

Yule mama alinijibu jambo lingine ambalo sikuwa na la kulirudishia upesi. Alisema: "Wewe una pesa ya kuchagua shubiri. Mteja wangu ana shilingi hamsini. Nikimletea samaki wa shubiri, nitamkatia kipande au nitampa mkia?"

Nimelifikiri sana swali hilo. Ni kweli kwamba ukimwambia maskini asile samaki mdogo na usimwonyeshe mwingine, umemwambia asile. Na ni kweli pia kwamba watoto hao wa tafi wanaouzwa fungu hamsini wangengojwa miezi michache wangekuwa kilo nyingi, nao wangezaa. Anayepata hasara ya kwanza samaki wakipungua si mimi. Mimi nitahamia kwa kuku. Ni yeye mama karanga na mteja wake.

Waliolijibu swali hili kwa vitendo wako karibu, kule Kuruwitu, Kilifi. Wavuvi wa hapo walipoona bahari yao imekuwa tupu walikubaliana wenyewe, kati ya miaka ya 2000, wafunge sehemu ya bahari yenye ukubwa wa hekta 30 hivi asivue mtu yeyote ndani yake. Walikuwapo waliopinga, na si ajabu, maana ni nani afurahiaye kufungiwa shamba la babu yake? Lakini samaki walirudi, wakakua, wakazaa, na waliozidi wakatoka nje ya mpaka wakavuliwa kwa halali. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mnunuzi wa mjini hawezi kufunga bahari. Aliwezalo ni kumpa bei nzuri mvuvi wa mshipi na dema, na kumuuliza muuzaji kila mara: huyu kavuliwa wapi, na kwa nini? Swali likiulizwa na watu wengi huanza kuwa na bei.

Kuhusu kumbeba samaki huyo, watu wamenilalamikia kwamba kikapu chanuka. Chanuka kikitiwa samaki mtupu. Chukua bakuli la bati au ndoo ndogo yenye kifuniko, iweke ndani ya kikapu, muuzaji akutilie humo. Wauzaji wengi sasa wamezoea, wala hawakutazami kama mwendawazimu.

Mboga nitazipitia upesi. Mchicha, mnavu, mchunga, matembele na kisamvu huletwa na akina mama kutoka Kilifi na Kwale, hufungwa kwa ukamba wa majani, na huliwa siku hiyo hiyo. Kabeji iliyosafiri kutoka milima ya bara kwa lori si haramu, lakini ukiacha mchunga wa Rabai ukachukua kabeji kwa sababu mchunga ni "chakula cha zamani", hapo umepoteza kitoweo na umelipia dizeli. Embe nazo zina msimu wake. Ngowe na boribo huliwa zikiwa zetu. Embe isiyo ya wakati wake imetoka mbali, na ladha yake yasema hivyo.

Nazi ndiyo bidhaa isiyo na taka. Makumbi hufanywa kamba, vifuu huwashwa jikoni vikatoa moto mkali kuliko kuni, machicha hupewa kuku, na maji hunywewa na mtoto aliyekuwa akingoja kando ya mbuzi. Linganisha na pakiti ya tui la unga, ambayo haina lolote la kumpa kuku. Najua mke anayefanya kazi ofisini hana wakati wa kukuna nazi, na mume naye ana mikono. Sokoni wako vijana wenye mashine wanaokukunia nazi papo hapo. Peleka chombo.

Imebaki Ramadhani. Sisi watu wa Pwani mwezi wa kupunguza kula ndio mwezi tunaonunua chakula kingi kuliko miezi yote. Meza ya futari ina sambusa, kaimati, viazi vya karai, mihogo ya nazi, mbaazi, mahamri, tambi, uji, na juisi za rangi tatu, na saa tano usiku nusu yake i jalalani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Chakula kinachooza jalalani hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia kuliko moshi wa kawaida. Kwa Mwislamu jambo hili lina jina lake la zamani, israfu, na makatazo yake hayakungoja wataalamu wa hali ya hewa.

Tende zamani zilikuja na majahazi ya kaskazi, zimeshindiliwa katika makanda yaliyosukwa, na muuzaji akikata kwa kisu. Leo huja katika sanduku, ndani ya sanduku plastiki, na ndani ya plastiki trei. Nunua zile za kupima. Zipo, na nyingine ni nzuri kuliko za sandukuni.

Palipo na taka nyingi zaidi ni misikitini. Hisani ya watu ni kubwa wakati wa futari, kila mmoja ataka thawabu, basi aleta katoni za maji ya chupa, vikombe vya kutupa, sahani za kutupa, vijiko vya kutupa. Baada ya magharibi mifuko ya taka hujipanga ukutani mrefu kuliko safu ya wenye kuswali. Msikiti mmoja wa mtaani kwetu uliamua kurudi kwenye masinia, watu wanne wanne au watano watano kwa sinia moja kama ilivyokuwa, na mitungi ya maji na vikombe vya bati. Mjadala katika kamati ulichukua siku tatu, na haukuwa juu ya mazingira hata kidogo. Ulikuwa juu ya nani ataosha. Mwishowe vijana wa madrasa walipewa zamu, na wazee wawili wakasema hawakubali kuachwa nje ya thawabu hiyo. Usiku wa kwanza masinia yalikuwa kumi na manane, na waoshaji walikuwa saba.